Uyoga wa Magogo Tumeuleta Nyumbani

Mvua zikisha kunyesha barabara huku kwetu Umatengoni, kina mama hawaulizani tena habari za mboga. Kila nyumba ina kikapu cha uyoga. Lakini mwaka hata mwaka kikapu hicho kinatoka mbali zaidi. Mama yangu mzazi, ambaye umri wake umekwisha kupita miaka 70, husema kwamba alipoolewa alikuwa akichuma uyoga huku anamsikia mtoto wake akilia nyumbani. Siku hizi msitu umerudi nyuma kwa sababu ya mashamba na mkaa, na miguu ya Mama nayo imechoka. Yeye ndiye anayeujua uyoga nyumbani kwetu. Asipofika msituni, watoto watajifunza kwa nani? Hapo ndipo nilipoanza kufikiri: kama sisi hatuwezi tena kuufuata uyoga, je, wenyewe hauwezi kuja kwetu?

Nilipomwuliza Mama alicheka. "Mwanangu, uyoga haupandwi. Uyoga unaota."

Maneno yake yana ukweli mkubwa, ila si kwa kila uyoga. Ni vizuri jambo hili lieleweke kabla mtu hajashika jembe, maana wengi wamepoteza siku zao kuhamisha uyoga usiohamishika.

Uyoga si mmea kama mchicha. Hauna rangi ya kijani, kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Tena kile tunachokichuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni utando wa nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, uliojificha ndani ya udongo au ndani ya mti. Sasa utando huo unakula nini? Uko uyoga unaoshirikiana na mizizi ya miti hai. Huusaidia mti kupata maji na chumvi za udongo, na mti huulipa kwa sukari. Ndivyo ulivyo uyoga mwingi tunaouokota chini ya miyombo, ule wa manjano na ule mwekundu. Miti ile ikikatwa, uyoga wake nao umekwenda, wala hakuna tuta litakaloufufua. Uko pia uyoga wa kwenye vichuguu. Huo una wakulima wake, nao ni mchwa. Hutafuna majani makavu na vijiti, wakajenga kwayo masega chini ya ardhi, na juu ya masega hayo utando hukua. Huko Zambia uko uyoga wa jamaa hiyo ambao kofia yake hufika karibu mita 1, nao wataalamu waliuandika kitabuni mwaka 1980. Lakini bila mchwa wake, huo nao hauji nyumbani kwa mtu.

Basi unabaki uyoga wa magogo. Huu hauhitaji mti hai wala mchwa. Hula mti uliokufa: hutoa maji yake makali, huyeyusha ubao polepole, kisha hunyonya. Huo ndio unaoweza kuhamia. Wajerumani walianza kuupanda juu ya visiki na magogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipowaadimikia. Wachina na Wajapani wana uyoga wao wa magogo waliozoea kuulima tangu karne nyingi. Hapa nchini watu wengi huuita uyoga mamama, nao wanaoulima kwenye mifuko ya plastiki wanazidi kuongezeka.

Mwezi wa Desemba 2022 tuliukuta kando ya mto, juu ya mkuyu ulioanguka. Nilimtangulia Mama nikimshika mkono kwenye utelezi, naye mjukuu wake wa miaka 8 alifuata nyuma na kikapu. Ulikuwa umepangana kama rafu, moja juu ya nyingine, rangi yake nyeupe iliyoingia kijivu kidogo. Mimi nilikwisha kutoa kisu. Mama akasema, "Ngoja kwanza tuamkiane nao."

Aliugeuza juu chini. Vile vikunjo vya chini ya kofia, vinavyofanana na kurasa za kitabu, vilikuwa vyeupe, navyo viliteremka mpaka kwenye mguu. Mguu wenyewe ulikuwa mfupi, umekaa upande, si katikati. Haukuwa na pete shingoni wala kikombe shinani. Ulitoka kwenye ubao wenyewe, si kwenye udongo wa kando. Kisha akaunusa. Nyumbani niliongeza jambo moja ambalo Mama hakulizoea: nililaza kofia moja juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, nikaifunika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi vumbi lake lilikuwa jeupe. Lau lingalikuwa la kahawia ya kutu, tungaliutupa wote, maana katika uyoga mdogo wa magogo wenye vumbi la namna hiyo wamo wauaji.

Hapa nataka kusema waziwazi, kwa kuwa kila msimu tunasikia habari za misiba. Watu husema ati uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au ati ukipika pamoja na sarafu ya fedha au kitunguu saumu na rangi isigeuke, basi kula. Ni uongo mtupu. Konokono hula kinachomwua mtu. Wala kuchemsha hakuondoi sumu ile mbaya kabisa. Sumu hiyo ina hila: mtu hula leo jioni, akalala vizuri, akaanza kutapika na kuhara baada ya saa 6 hadi 12, pengine zaidi. Baadaye huona nafuu, jamaa wakashukuru, kumbe ini lake linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga asingojewe apate nafuu. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, hata maganda yaliyotupwa jalalani. Na asiyeujua uyoga asiuchume kwa kusoma makala hii. Atafute mtu kama Mama.

Tuliacha ule uliokomaa sana uzidi kumwaga vumbi lake msituni. Tulichukua kiasi cha kikapu kimoja, nami nikakata na vipande vya ubao vyenye utando. Uyoga tulikula kwa karanga, na ugali. Sina haja ya kuwaeleza wanaojua. Ile miguu migumu, ambayo kwa kawaida hupewa kuku, ndiyo niliyoitaka.

Nilichukua boksi la maduka, lile lenye mawimbi katikati, lisilo na karatasi ya kung'aa. Nikalimwagia maji yaliyochemka, likapoa, nikalichana tabaka tabaka. Katikati ya tabaka nililaza miguu ile na vipande vya ubao, nikavifunika katika ndoo kuukuu yenye matundu ya hewa, nikaiweka kivulini. Baada ya wiki 2 hivi nyuzi nyeupe zilikuwa zimelivamia boksi pande zote, likinukia kama msitu baada ya mvua. Kipande kimoja kilikuwa na kuvu ya kijani; hicho nilikitupa mbali, kwa maana kuvu hiyo ikiingia kwenye tuta hugombea chakula na uyoga wako, na aghalabu hushinda.

Tuta nililichimba ndani ya migomba, mahali jua halipigi. Urefu wake kama wa mtu aliyelala, kina shibiri moja. Majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi tuliyakatakata, tukayachemsha ndani ya pipa kwa muda wa saa moja ili kuua wadudu na kuvu nyingine, tukayatandaza kwenye mkeka safi yapoe. Kipimo cha maji ni mkono wako: ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu. Yakitiririka, yamezidi, na utando utaoza. Kisha tulipanga tabaka la majani, tabaka la boksi, tena majani, mpaka shimo likajaa, tukalifunika kwa magunia mabichi. Asubuhi na jioni watoto walinyunyiza maji kidogo. Wiki ya 5 Mama aliinua gunia mwenyewe, akakuta vichwa vidogo kama vya vifungo. Hakusema neno, ila alikaa pale muda mrefu.

Pamoja na tuta niliandaa magogo, na kwa kweli mimi nayapenda magogo zaidi. Mwembe wa zamani ulikuwa umeangushwa na upepo. Nilikata vipande vifupi vya urefu wa mkono hadi kiwiko, nikavipandanisha viwili viwili, na boksi lenye utando katikati, kama mkate uliotiwa siagi. Mti wa kufaa ni ule wenye majani mapana na ubao laini, kama mwembe, mkuyu au mparachichi. Uwe umekatwa karibuni, haujaingiliwa na kuvu nyingine. Msonobari uache, utomvu wake hauufai uyoga huu. Magogo huhitaji subira: yetu yalikaa karibu mwaka mzima yakiwa kimya, na majirani wakinitania kwamba nafuga kuni. Yalizaa mvua za mwisho wa mwaka 2023. Tuta la majani huchoka baada ya kuvuna mara chache, lakini gogo huendelea kwa miaka kadhaa, mpaka ubao uishe.

Maadui wapo. Kuku hupekua, konokono hutafuna usiku, na mchwa hawachelewi. Magogo yangu yamekaa juu ya mawe, na majivu huyamwaga chini kuyazunguka, si juu yake.

Jambo lililonishtua zaidi, hata hivyo, halikuwa mchwa. Mwezi wa pili wa tuta letu, mtoto yule alikuja jikoni na sahani imejaa uyoga wa kijivu, kofia nyembamba kama kengele, miguu myembamba. Alikuwa anautia chunguni. Mama alimshika mkono.

"Mume wangu, uyoga huu ni upi?"

"Ni wa tuta la Baba, Bibi."

"Sikukuuliza umetoka wapi. Nakuuliza jina lake."

Mtoto hakuwa na jibu. Mama aliuweka dirishani, na kufika jioni ulikuwa umeyeyuka na kuwa maji meusi kama wino. Ulikuwa uyoga mwingine kabisa, uliokuja wenyewe kwa upepo, ukapenda majani yetu. Tuta la nje halina mlango; mgeni yeyote huingia. Tangu siku ile kila uyoga unaotoka kwenye tuta hupitishwa kwa Bibi kama ule wa msituni: ugeuzwe, utazamwe mguu, unuswe. Mtoto naye amekwisha kujua kuulaza kwenye karatasi.

Anayetaka kuuza kwa wingi ni afadhali anunue mbegu safi kwa wakulima wanaoizalisha, maana utando wa porini huja na wageni wake. Sisi tunaotafuta mboga ya nyumbani, na ya Ijumaa za Kwaresima, mguu mmoja wa uyoga unatosha kuanza. Majirani watatu wamekwisha kuja kuomba. Mama huwapa bila malipo, ila huwaambia walete watoto wao waketi naye asubuhi moja kwanza. Mvua hizi ametaka gogo mojawapo lihamishiwe karibu na mlango wa jiko, chini ya mparachichi, apate kulitazama akiwa ameketi.