Sam Spade Afika Barazani

Huku California msomaji akishamaliza kitabu hukiachilia kiende. Mbele ya nyumba za watu kuna visanduku vya mbao vyenye mlango wa kioo, vimesimamishwa juu ya nguzo, na ndani yake mna vitabu. Ukipita unachukua unachokitaka. Ukiwa nacho cha kutoa, unakiweka. Hakuna daftari wala mlinzi, na aliyekiweka humjui. Desturi hii ilianza mwaka 2009 katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la Wisconsin, pale Todd Bol alipojenga kisanduku cha kwanza kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Leo visanduku hivyo vimeenea Marekani nzima na kuvuka mipaka yake. Kwetu Zanzibar, nilikokulia, kitabu hakiachiliwi. Kinaazimwa, na kila aliyekiazima anajulikana kwa jina, kwa mtaa na kwa siku aliyoahidi kukirudisha.

Tofauti hii nimeiona kwa uwazi zaidi kupitia riwaya moja, The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett. Niliichukua katika kisanduku kimoja cha Oakland, nikaisoma, kisha nikaenda nayo nyumbani likizo na kumpa mjomba wangu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Maalim. Kwa hiyo nimeisikia ikijadiliwa pande zote mbili za bahari, na sidhani kama wasomaji wale walikuwa wakisoma kitabu kimoja.

Hammett aliijua kazi ya upelelezi kabla ya kuiandika. Alizaliwa Maryland mwaka 1894, akaajiriwa na shirika la wapelelezi la Pinkerton, na mwaka 1921 akahamia San Francisco. Riwaya yenyewe ilitoka kwanza vipande vipande katika jarida la Black Mask kuanzia Septemba 1929, kisha ikachapwa na Knopf kuwa kitabu mwaka 1930. Mpelelezi wake, Sam Spade, hategui mafumbo kwa starehe katika jumba la kifahari. Ana ofisi ya kuendesha, ana katibu wake Effie Perine, ana polisi wanaomshuku, na ana mshirika asiyempenda, Miles Archer, ambaye mkewe ni hawara wa Spade mwenyewe. Anakuja mwanamke kuomba msaada kwa jina la uongo, na usiku huohuo Archer anapigwa risasi. Nyuma ya kifo hicho kuna watu wanaoisaka sanamu ya kozi inayosemekana kujaa vito vya thamani. Sanamu inapopatikana ni ya bandia, na muuaji ni yule mwanamke, Brigid O'Shaughnessy. Spade huenda anampenda. Hata hivyo, anamkabidhi kwa polisi.

Katika kitabu kizima Hammett hatuingizi hata mara moja kichwani mwa Spade. Tunamwona akisokota sigara, tunamsikia akisema, na hukumu tunaachiwa wenyewe. Ndiyo maana kitabu hiki hakiwezi kumalizwa na mtu peke yake. Kinadai mwenzio wa kubishana naye.

Huku Marekani majadiliano hayo mara nyingi huandikwa. Nakala niliyoipata ilikuwa na maoni ya penseli kwenye karatasi ya mwanzo, kwa miandiko mbalimbali. Mmoja alisifu kisa cha Flitcraft, yule mtu wa Tacoma aliyekoswakoswa na boriti iliyoanguka kutoka jengo lililokuwa likijengwa, akaiacha familia yake bila kuaga, na miaka michache baadaye akakutwa Spokane akiishi maisha yaleyale aliyoyakimbia. Mwingine aliandika kwamba wanawake wa kitabu hiki hawakutendewa haki. Hawa hawakuwahi kukutana, lakini kila mmoja alimsoma aliyemtangulia, nami nikawasoma wote.

Pia kuna vikundi vya wasomaji vinavyokutana maktaba. Nilipohudhuria kimoja, watu walizungumza kwa zamu na kwa upole. Waliuliza namna hadithi ilivyosimuliwa, waliutazama mji wa miaka ile ya 1920, na walijihadhari wasimfichulie mwisho yeyote ambaye hajamaliza. Taasisi ya taifa ya sanaa nayo iliwahi kuiweka riwaya hii katika orodha ya vitabu vya mpango wake wa usomaji wa pamoja, Big Read. San Francisco imeiandika hata mitaani: kwenye kichochoro cha Burritt kuna kibao kinachoonyesha mahali Archer alipouawa, na tangu mwaka 1988 kuna mtaa wenye jina la Dashiell Hammett. Mgahawa wa John's Grill, ambamo Spade anakula katika riwaya, ungali unapokea wateja. Mji umekubali kwamba mtu wa kubuni alipita hapa, na mgeni anaweza kuzifuata nyayo zake.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Maalim alikisoma kwa Kiingereza, na kwa kuwa wenzake wengi barazani hawasomi Kiingereza kwa raha, alikisimulia kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni, kahawa ikizunguka. Hakuna aliyejali kufichuliwa mwisho. Walimkatiza, walimrudisha nyuma, walimtaka aeleze mlango wa ofisi ulikuwa wapi na nani alikuwa amekaa na nani. Na walipofika kwenye hukumu, hawakuuliza kitabu kimeandikwaje. Waliuliza kama Spade ni mtu.

Jambo la kwanza lililowachoma ni dogo sana kwa wasomaji niliowasikia California; hakuna hata mmoja aliyelitaja. Usiku wa mauaji, Spade hampelekei mwenyewe mjane khabari ya msiba. Anampigia simu Effie, kijana wa kike, aende yeye. Mzee mmoja akauliza, "Maalim, huyo bwana hakuwa na mtu mzima wa kufuatana naye?" Kwetu khabari ya kifo ina adabu zake: huchukuliwa na watu wazima, hutangulizwa na maneno, na mpelekaji hukaa na wafiwa. Kwa wazee wale, Spade alikuwa ameshahukumiwa hapo, kabla ya sanamu ya kozi kutajwa. Aliposikia kwamba siku ya pili yake aliamuru jina la Archer lifutwe mlangoni libaki lake peke yake, yule mzee alinyamaza kwa muda, akasema, "Hata arubaini haijafika."

Lakini kuhusu kumtoa Brigid, baraza iligawika. Upande mmoja ulisema Spade amejikomboa kwa tendo hilo moja, kwa sababu haki ya mwenzio haipungui kwa kuwa hukumpenda. Mmoja wa upande huo alimwambia jirani yake, "Sasa, ndugu yangu, mtu kamuua mshirika wako, unamlaza wapi usiku?" Upande wa pili ulijibu kwamba aliyemdhulumu mtu katika ndoa yake hana uso wa kumdaia kisasi akishakufa. Ubishi ule ulivuka jioni kadhaa na ukawavuta watu ambao hawajawahi kukigusa kitabu. Mmoja alimkumbuka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na rafiki yake Najum, akasema huyo alikuwa mpelelezi mwenye adabu, aliyefunua siri za watu bila kuwavunjia heshima.

Hapo ndipo mazungumzo yaliponitia huzuni, kwani waliokuwa wakimtaja Bwana Msa hawakuwa na kitabu chake hata kimoja. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ukachapwa mwaka 1960, na ndio unaohesabiwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ikafuata mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta mpelelezi wake, Willy Gamba, katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ujanani mwetu vitabu vya namna hii vilipita mikononi mpaka majalada yakabanduka. Kurasa za mwisho zilipochanika, aliyewahi kuzisoma alimsimulia aliyezikosa. Nikienda likizo huvitafuta kwa wauzaji wa vitabu, na ninavyovipata ni vichache, vingine nusu.

Hii ndiyo sababu, naamini, ya ule mkono wetu mzito wa kuachia kitabu. Wageni wakiuona husema hatupendi kugawana. Lakini anayeacha The Maltese Falcon katika kisanduku cha Oakland hapotezi kitu: kesho ataikuta maktaba, ataikuta dukani, na tangu Januari 1, 2026 haki za riwaya hiyo zimekwisha nchini Marekani, yeyote anaweza kuichapa. Anayeazimisha Simu ya Kifo leo Unguja pengine anatoa nakala pekee ya mtaa wake. Ukarimu wa huku umejengwa juu ya mitambo ya kuchapa isiyosimama. Wetu ulijengwa juu ya kuaminiana, na umebeba peke yake mzigo ambao wachapishaji na maktaba walipaswa kuusaidia.

Kwa hiyo sina haja ya kutuambia tuige visanduku. Baraza ile ilifanya kazi ya usomaji kwa kina ambacho sijakiona kwenye kikundi chochote cha maktaba: ilimpima mtu wa riwaya kwa mizani ileile inayompimia jirani. Kinachotupungukia ni kumbukumbu. Hukumu ya yule mzee kuhusu khabari ya msiba ingestahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi, na ingepotea kama nisingeiandika hapa. Tuwaige watu wa huku katika hilo: unapokiazima kitabu, andika mwanzoni jina lako, mwaka na neno moja la hukumu yako, ili atakayekuja baada yako abishane nawe. Wenye haki za vitabu vya Abdulla, Katalambulla na Musiba wakae na wachapishaji, vichapwe upya kwa bei ambayo kijana anaweza kuimudu. Na sisi tulio ughaibuni, tunaojaza mabegi kwa nguo na simu kila tunaporudi, tuwe wanunuzi wa kwanza wa toleo hilo, nakala mbili kila mmoja: moja ya kukaa nayo, moja ya kuazimisha bila hofu.