Kazi ya kukaa kimya

Huku ughaibuni tu wazima, baridi imeanza kukaza lakini tumeshazoea. Nimepotea siku nyingi, zamu za usiku zimenibana kweli kweli.

Wengi mkipiga simu mnaniuliza swali lile lile: digrii yote ile ya uuguzi, halafu kazi ni kukaa tu na mgonjwa usiku kucha? Na wanakulipa? Wanalipa jamani. Ila jibu langu ni refu kidogo, na linapitia kwa mpiga piano mmoja wa hapa Marekani, marehemu David Tudor.

Tudor alizaliwa Philadelphia mwaka 1926. Alianza na kinanda cha kanisani, baadaye akahamia kwenye piano. Mtu mwenye uwezo kama wake angeweza kuishi kwa kupiga Chopin na Beethoven, vitu ambavyo watu wanavijua na wanavilipia. Yeye akachagua kazi za watunzi waliokuwa hai, wengi wao vijana wasio na jina. Nikisema muziki wa kisasa msifikirie bongo flava! Huu ni muziki wa nota zinazorukaruka, hauna wimbo wa kuimba ukirudi nyumbani, na wasikilizaji wengi walikuwa hawautaki kabisa.

Na jamaa alikuwa anajiandaa. Mwaka 1950 alipotaka kupiga sonata ya pili ya Mfaransa Pierre Boulez pale New York, alijifunza Kifaransa ili asome maandishi yaliyomgusa mtunzi. Mwaka uliofuata John Cage akatunga Music of Changes. Kasi yake inabadilika kila mara, basi Tudor akakaa chini na hesabu, akageuza kasi zote kuwa sekunde, akapiga kwa kufuata saa. Watunzi wakamwamini. Mjerumani Karlheinz Stockhausen alimtunukia vipande vyake vya piano, kuanzia cha tano hadi cha nane.

Sasa sikieni kioja. Tarehe 29 Agosti 1952, ukumbi wa Maverick karibu na Woodstock, jimbo la New York. Ni jengo la mbao katikati ya miti. Tudor akakaa kwenye piano, akaweka karatasi za nota mbele yake, akafunga mfuniko, akaanza kutazama saa. Basi. Kimya. Baada ya muda akafungua mfuniko kuonyesha sehemu ya kwanza imekwisha, akaufunga tena kuanza ya pili, na ya tatu vivyo hivyo. Dakika 4 na sekunde 33, hakupiga nota hata moja! Ndiyo kazi ya Cage iitwayo 4'33". Cage alisimulia baadaye kwamba ulisikika upepo nje, kisha matone ya mvua juu ya paa, na mwisho watu wenyewe wakinong'ona na wengine wakitoka zao.

Najua mtasema huo ni wizi wa mchana. Lakini jioni hiyo hiyo, Tudor alipiga pia sonata ya kwanza ya Boulez, ambayo si mchezo. Aliyekaa kimya pale alikuwa fundi, na aliifanya kazi ile kwa sekunde zote 273. Angekuna kichwa au angetabasamu kuomba radhi, ingekuwa mzaha.

Aliyenitajia jina la Tudor ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa muziki, aliyekuwa anamuuguza mkewe. Usiku mmoja aliniangalia muda mrefu akasema, "Binti, unafanya kazi ya Tudor." Sikumwelewa mpaka nilipokwenda kusoma.

Niko kitengo cha tiba shufaa. Hapa dawa za kuponya zimefika mwisho, tunachotafuta ni mgonjwa asiteseke. Mkimwona muuguzi amekaa kando ya kitanda, mnaona amekaa. Lakini anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu anapokaribia kuondoka, pumzi mara nyingi hukatika sekunde kadhaa kisha zinarudi, na ndugu wanashtuka, lazima uwe umewaeleza mapema. Unatazama paji la uso. Likikunjamana wakati mgonjwa hawezi tena kusema, huenda anaumia, na dozi ya mofini iangaliwe upya. Unasikiliza kama kuna makohozi kooni ili umgeuze upande. Saa nyingine hakuna cha kufanya, unamshika mkono tu. Hapo ndipo pagumu kuliko kote, maana mikono inawasha kutafuta shughuli ili ionekane unafanya kazi. Digrii ndiyo inayonisaidia kujua lini ninyanyuke na lini nitulie.

Tudor mwenyewe, miaka ya 1960, aliiacha piano polepole akaanza kuunda muziki kwa mitambo ya umeme, huku akifuatana na kundi la dansi la Merce Cunningham kwa miaka mingi. Alipata kiharusi zaidi ya mara moja, akafariki mwaka 1996. Natumaini naye alikuwa na mtu wa kukaa naye.

Haya wapendwa, naingia zamu saa moja usiku. Bibi msalimieni sana, mwambieni vitenge vimefika. Tuko pamoja.