Sote: Mwalimu Martine na Wasichana Waliokataa Kutengana



Kila mwaka, juma la kumbukumbu la mwezi wa Aprili likiisha kupita, huweka kando kitabu cha sarufi kwa muda wa vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza huwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tano, hapa Kigali, sehemu moja tu ya filamu. Katika cha pili tunaizungumza kwa Kiswahili. Filamu hiyo yaitwa *Sometimes in April*, jina ambalo darasani tumelifasiri "Nyakati Nyingine Mwezi wa Aprili". Iliongozwa na Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Kongo. Ilipigwa humu humu nchini Rwanda, na ikatoka mwaka 2005. Wanafunzi wangu wa leo walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Hata hivyo ifikapo sehemu ile, darasa zima hunyamaza, na wale wa nyuma ambao kwa desturi hawaishi kunong'onezana huacha kunong'ona. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na makala haya ni jaribio langu la kujibu.

Kwa faida ya wasioiona, nitaeleza kwa ufupi. Mhusika mkuu ni Augustin, kapteni wa jeshi katika mwaka 1994, ambaye mkewe ni Mtutsi. Nafasi hiyo imeigizwa na Idris Elba. Binti yao, Anne-Marie, anasoma katika shule ya bweni ya wasichana, na mmoja wa waalimu wa shule hiyo ni Martine, aliyeigizwa na Pamela Nomvete. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yamekwisha kuanza. Watu wenye silaha wanaingia shuleni na kuwaamuru wasichana wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wasichana hawajitengi. Wanabaki pamoja, na mwalimu wao yumo kati yao. Wanapigwa risasi. Martine anasalimika, na miaka 10 baadaye twamkuta akiishi Kigali na yale aliyoyaona.

Hapana ngoma wala hotuba katika tukio hilo. Shujaa wa filamu za kawaida aghalabu hupewa maneno mazito ya kusema kabla ya kufa, na watazamaji hutoka wakiyakariri. Hapa ushujaa wote umo katika kutosogea. Mtu ameambiwa apige hatua tatu, naye hazipigi.

Mtazamaji wa Rwanda hawezi kuliona tukio hili bila kukumbuka Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliivamia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge kwa ukabila. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Sita waliuawa usiku ule na wengine wengi wakajeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, nao hukumbukwa kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hawezi kusema kwamba mambo ya namna hii hutokea katika sinema tu.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi zoezi la msamiati. Niliuliza: kitendo cha wasichana wale tukiite nini kwa Kiswahili? Mmoja akasema, "Wamegoma." Wenzake wakampinga, kwani mgomo huwa na madai. Mwingine akasema, "Wameasi," lakini neno hilo tukaliona ni kubwa mno kwa watoto waliovaa nguo za kulalia. Kijana mmoja akasema, "Wamekaidi." Hapo nikakumbuka methali ambayo mimi mwenyewe nimeifundisha miaka nenda miaka rudi: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Katika lugha yetu ukaidi ni lawama. Mtoto mwema ni mtiifu, husimama anapoambiwa simama na huketi anapoambiwa keti. Sisi waalimu ndio tunaomfundisha hivyo, kuanzia siku ya kwanza anapoingia darasani. Mwishowe darasa lilichagua neno jepesi kuliko yote: "Wamekataa." Nililiandika ubaoni, na sikuwa na la kuongeza.

Lakini jibu lao lenyewe, lile la Nyange, lina neno jingine ambalo kila mwalimu wa Kiswahili analijua. Kwa Kinyarwanda ni *twese*. Kwa Kiswahili ni *sote*. Hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Twafundisha: sote, nyote, wote, nao Wanyarwanda husema: *twese, mwese, bose*. Ni somo fupi, mara nyingi humalizika kabla ya kengele kulia. Mwenye bunduki anataka kusikia "sisi" na "wao". Anataka kila mtoto achague kiwakilishi chake, kisha akifuate kwa miguu mpaka upande unaomhusu. Mtoto anayejibu "sote" amemnyima sentensi anayoihitaji.

Sasa hapana budi niseme kwa nini tukio hili hunigusa mimi, kwani hadi hapa nimezungumza kama mwalimu tu.

Mwaka 1990 nilikuwa na umri wa miaka 10, nikisoma shule ya msingi. Wakati huo kitambulisho cha kila mtu mzima kilitaja kabila lake, desturi iliyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 na kuondolewa baada ya 1994. Shuleni nako waliandika. Asubuhi moja mwalimu wetu aliingia na daftari, akasema Wahutu wasimame. Nilisimama pamoja na wengi. Akahesabu, akaandika, tukaketi. Kisha akasema Watutsi wasimame. Msichana niliyeketi naye dawati moja akasimama, na wengine watatu. Yeye alikuwa mdogo wa umbo na sketi yake ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha rangi tofauti kidogo na sare zetu. Mtu mmoja nyuma alicheka. Darasa likacheka. Nami nilicheka.

Mwalimu hakutugombeza. Alimaliza kuandika, akafunga daftari, akaendelea na hesabu. Msichana yule aliketi, akanisogezea kifutio chake kama kawaida yake, kwani mimi sikuwa nacho. Baada ya Aprili 1994 sikumwona tena.

Nimekaa na kicheko kile kwa miaka 30 na zaidi. Ndiyo sababu nimtazamapo Martine namwona kwanza kama mwalimu. Daftari la majina lilikuwa mikononi mwa watu wa kazi yangu. Mwalimu mmoja alilitumia kutuhesabu, na hakuna mtoto aliyebaki ameketi. Wala haikutupitia akilini kwamba yawezekana. Mwalimu mwingine, katika filamu, amesimama kati ya wanafunzi wake wakati wa kuhesabiwa, ilhali angeweza kusimama kando. Yamkini hilo ndilo linalowanyamazisha hata vijana wasioyajua mambo ya zamani kwa undani. Wanaona kwamba amri ile ilikuwa na majibu mawili, na kwamba wengi wetu tulijua moja tu.

Mwaka jana, baada ya kipindi cha pili, binti mmoja aliinua mkono. Akauliza, "Mwalimu, na wewe ungefanyaje?" Kwa miaka mingi swali hilo nimekuwa nikilikwepa kwa methali: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Wanafunzi huandika, kengele hulia, nami huondoka na vitabu vyangu. Safari hii methali ilinikaa kooni. Nikawaeleza habari za dawati lile. Sikuwaficha kicheko.

Walinyamaza kitambo. Kisha binti yule akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikalitaja jina lake. Nilipolitaja nilitambua kwamba sikuwahi kulitamka kwa sauti tangu nilipokuwa mtoto.

Filamu ile ina mwisho ambao siku za nyuma sikuutilia maanani. Martine, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu, anainuka katika kikao cha gacaca na kusema kwamba naye alikuwapo. Mahakama za gacaca zilisikiliza karibu kesi milioni 2 kabla ya kufungwa mwaka 2012, na kazi yake kubwa ilitegemea jambo hilo hilo: mtu kuinuka mbele ya majirani na kutamka jina. Nilikuwa nikidhani kwamba kukataa kwa Martine kulimalizika bwenini. Sasa naona kwamba kulichukua miaka 10, na kwamba sehemu ya pili, ile ya kusema, haikuhitaji bunduki mbele ya mtu ili iwe ngumu.

Waalimu wenzangu, tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wengi wetu tumeongezewa madarasa na madaftari. Mimi bado huita majina kila asubuhi, kwani kazi ndiyo hiyo. Ila siku hizi huyaita polepole zaidi. Na nifikapo kwenye somo la sote, nyote, wote, sikimbilii kulimaliza kabla ya kengele.