Lenzi za kuongeza: ninunue au niache?

Wiki hii kichwani kwangu kuna mada moja tu, na wala siyo testi ya Jumatano. Ni lenzi.

Kamera yangu mnaifahamu, ile Canon PowerShot A570 IS ya mwaka 2007 niliyorithi kwa kaka. Hapa Mlimani watu wanaicheka, lakini picha inatoa. Uzuri wake, ile pete ya mbele inachomoka. Unafunga adapta, halafu juu ya adapta unazungushia lenzi ya ziada. Kuna jamaa Kariakoo anauza seti nzima: adapta, lenzi pana ya 0.7 na lenzi ya kuvuta ya 2. Mwisho wa maneno, elfu tisini. Kwa bei ya wali maharage ninaokula mimi, hizo ni sahani 60! Na boom ndiyo limeingia, mnajua linavyowasha mfukoni.

Mwenzangu wa chumba akasema, "Nunua bwana, maisha yenyewe mafupi." Mimi nikachukua karatasi.

Kwa kipimo cha kamera za filamu, hii yangu inaanzia milimita 35 mpaka 140. Lenzi pana inaishusha 35 mpaka 24.5, ya kuvuta inaipandisha 140 mpaka 280. Kwenye karatasi, tamu kabisa. Ila hiyo ya kuvuta inataka zumu iwe mwisho, ukirudisha tu pembe za picha zinakuwa nyeusi. Mtikisiko wa mkono nao unaonekana mara mbili. Halafu mrija wa adapta unaziba kidirisha cha kuchungulia na kukinga mwanga wa flashi. Na jamani, nimvute nani kutoka mbali? Tumbili wa chuo ukiwa na ndizi wanakufuata wenyewe. Nikaifuta.

Lenzi pana ndiyo ilininyima usingizi. Muda si mrefu tunaenda TP, na mimi nafundisha Jiografia. Kuna ile mada ya kusoma picha: sehemu ya mbele, ya kati na ya nyuma. Shule niliyofundisha mwaka jana picha zilikuwa kopi ya kopi, mlima na wingu huvitofautishi. Safari hii nataka wasome picha za kijiji chao wenyewe. Na nataka picha ya darasa zima. Wanafunzi 80 na kitu, nyuma yako ukuta, utarudi wapi?

Basi nikaenda dukani na kamera yangu, nikaomba kujaribu. Nikapiga rafu ya duka, nikarudi kuikuza kwenye kompyuta. Katikati safi. Pembeni nguzo imejikunja kama upinde, maandishi ya kwenye maboksi yana ukungu na kingo za zambarau. Nikawaza darasa langu. Pembeni ndipo wanapokaa wale ambao mwalimu huwa hawaulizi swali. Mtoto apigwe picha moja mwaka mzima, halafu uso wake ndiyo uwe ukungu? Hapana.

Kwa hiyo sinunui. Nkrumah Hall, lile lililokuwa nyuma ya noti ya 500, linaingia lote ukirudi nyuma vya kutosha. Darasa nalo litatoka nje, chini ya mti, wafupi mbele, warefu nyuma. Pesa itanunua betri nne za kuchaji na chaja yake, maana kamera hii inakula betri mbili mbili kama karanga. Inayobaki nitasafishia picha kubwa za kubandika ubaoni, ambazo hata wa dawati la mwisho ataziona.

Mwenye kupiga ndege mtini au mpira akiwa jukwaani, hesabu yake ni nyingine. Ila naye aende dukani na kamera yake, ajaribu kwanza, na akague pembe kabla ya kutoa hela.

Ngoja niwahi kipindi Yombo, viti vya mbele vinajaa. Tuonane.