Maua Yaliyoshuka Kutoka Gitega

Mke wa karani mmoja alipomfuata mumewe aliyehamishiwa Bujumbura, alichukua katika mizigo yake ndoo mbili zilizojaa udongo. Ndani ya moja mlikuwa na viazi vya dalia. Ndani ya nyingine, mashina ya agapanti, lile ua la samawati lenye majani marefu kama mikanda. Yote aliyang'oa penye kizingiti cha nyumba ya marehemu mama yake, siku chache kabla nyumba hiyo haijakabidhiwa kwa mnunuzi. Mumewe alinung'unika kwamba gari limejaa, lakini ndoo hazikushushwa.

Nyumba waliyoipata Buyenzi ilikuwa na ua mdogo, wa hatua nane kwa tano, uliopigwa na jua tangu asubuhi hata alasiri. Gitega iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, na usiku wake ni wa baridi. Bujumbura, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, haizidi sana mita 800, na joto lake halipoi upesi jua litakapozama. Dalia asili yake ni nyanda za juu za Meksiko. Hupenda jua mchana na ubaridi usiku. Bibi huyo hakuyajua hayo. Alipoyaona majani yamesinyaa aliyamwagilia; yalipozidi kusinyaa, naye akazidisha maji, asubuhi na jioni.

Mwezi wa Julai, kiangazi kilipokuwa kimeshika, mume aliileta hati ya malipo ya maji akaiweka mezani pasipo neno. Maneno yalikuja baadaye, nayo yalisikika hata kwa jirani. Kesho yake mke alifukua shimo la kwanza. Viazi vilikuwa vimeoza, vimekuwa uji. Akaketi palepale chini akalia, na wala hakuwa akiililia dalia peke yake.

Jirani, mwanamke mtu mzima aliyezaliwa mtaani humo, alibisha hodi adhuhuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niliyaona maua yako. Ulikuwa ukiyazamisha, si kuyanywesha."

Mzee huyo hakuwa na elimu ya bustani ila macho yake, lakini watu wengi wanaonunua miche kwa kupendezwa na rangi wangefaidika kumsikiliza. Kabla ya kulitaja ua lolote, aliuliza mambo matatu: jua linapiga wapi, maji ya kusuuzia nguo yanamwagwa wapi, na watoto wanacheza wapi.

Penye ukuta wa jua kali alichagua bogenvilia. Mmea huu, ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini, hufungwa mdomo na wingi wa maji na mbolea: hutoa majani tele na maua haba. Ukionjeshwa kiu, huwaka. (Ile rangi tunayoisifu, kwa hakika, si ua bali ni majani, ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati.) Miiba yake ni mikali, basi usiwekwe njiani. Pale yalipomwagwa maji ya kusuuzia, yasiyo na sabuni nyingi, alitaka kana, kwa kuwa shina lake la ardhini hupenda unyevu na huzaa machipukizi ya kugawia majirani. Karibu na dirisha la chumba cha kulala, asumini. Hiyo haihitaji kutetewa mbele ya Mswahili. Hupogolewa ikimaliza kuchanua, la sivyo hugeuka kichaka.

Oliyanda aliikataa katakata, ijapokuwa huvumilia ukame na hupendeza mno. Mmea wote una sumu, tangu jani hata kijiti, na mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo alikuwa bado akitia kila kitu kinywani. Hapo ndipo neno la mzee lilipokuwa zito kuliko yote, maana mche wa oliyanda ulikwisha kununuliwa, umesimama mlangoni. Ulirudishwa kwa muuzaji jioni hiyohiyo, kwa hasara.

Vipandikizi vya bogenvilia na asumini vilitoka kwa mzee mwenyewe, bila malipo, mvua za kwanza zilipoanza. Bogenvilia ilichukua mwaka mzima kabla ya kuonyesha rangi, na hati ya maji ikarudi mahali pake.

Agapanti hazikufa, lakini hazikutoa ua. Safari ya kwanza ya kurudi Gitega, mke alizichukua akazipanda penye kaburi la mama yake, palipo baridi. Shina moja alilibakiza katika kopo, upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi tu. Mpaka sasa halijachanua. Mumewe ndiye hulimwagilia, kikombe kimoja, kila Jumapili.