Askari Arudipo Nyumbani

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai nchi yetu ya Tanzania huwakumbuka mashujaa waliokufa vitani. Mkuki na ngao huwekwa penye mnara, tarumbeta hupigwa, na watu husimama kimya. Desturi hiyo ni njema, wala sina neno juu yake. Walakini leo nataka kusema habari za wale ambao hawakufa, wale waliorudi. Maana mmoja wao alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na katika habari zake imo aibu yangu mimi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ikawaita vijana wa mgambo waongeze nguvu ya jeshi. Kaka alikuwa na umri wa miaka 23. Alishuka milima yetu ya Upare na wenzake, wakapanda lori, wakaenda. Mimi nilikuwa mwanafunzi bado, nikamwonea wivu.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na kaka akarudi mwaka uliofuata. Siku ile wanawake walipiga vigelegele tangu njia panda, mbuzi akachinjwa, ngoma ikalia usiku kucha. Siku ya pili watu walikuja kumsikiliza: alipita Masaka, alipita Lukaya, je, aliona nini? Siku ya tatu kila mtu alikwenda shambani kwake, na kaka akabaki ameketi peke yake juu ya jiwe la uani. Wazee wetu husema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ngoma tulimpa, jembe hatukumpa.

Sababu yake naijua vema. Baba yetu alifariki mwaka 1979, kaka akiwa bado Uganda, na kwa miezi mingi hatukupata barua yake. Wazee wa ukoo wakagawa mashamba. Sehemu ya kaka, yaani migomba iliyo chini ya mfereji, nilikabidhiwa mimi niitunze hata atakaporudi. Aliporudi sikuirudisha. Sikusema, ‘Sitoi.’ Nilinyamaza tu, nikajiambia moyoni kwamba yeye ni askari, na serikali itamtazama. Naye hakuuliza. Tangu kurudi kwake alikuwa mtu asiyeuliza neno.

Basi akaenda mjini, akapata kazi ya kulinda ghala usiku. Kazi hiyo ilimfaa, kwa kuwa usingizi wa usiku ulikuwa umemkimbia. Lakini siku moja gurudumu la lori lilipasuka kwa kishindo karibu naye, akajitupa chini mbele ya watu. Na mtu mmoja alipomshika bega ili amwinue, alimpiga akamwumiza. Akafukuzwa kazi. Nanyi mwajua maisha ya mjini yalivyo: chumba hulipwa kwa mshahara; mshahara ukikatika, chumba nacho kimekwenda. Akalala barazani pa maduka, na pombe ikawa ndiyo blanketi lake.

Mwaka 1991 alirudi kijijini, akawa analala sokoni chini ya meza za wauza ndizi. Usiku alipiga kelele za amri, kana kwamba ana kikosi mbele yake. Watoto wa shule wakamwita Afande, wakawa wakipita humwambia, ‘Afande, vita vimekwisha!’ kisha hukimbia wakicheka. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wao. Wengi wa wale watoto hawakujua kwamba ni kaka yangu, wala mimi sikuwaambia. Niliacha kupita njia ya sokoni, nikazunguka kwa njia ya nyuma.

Siku moja, katikati ya somo, mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniuliza, ‘Mwalimu, yule Afande hana ndugu?’ Nikamwambia aketi, aandike hesabu zake. Lakini mkono wangu wenye chaki ulitetemeka, hata sikuweza kuendelea kuandika ubaoni.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu, ambaye zamani alikuwa askari wa KAR, akapigana Burma mwaka 1944, akatembea bonde la Kabaw katika mvua na matope. Nilimkuta amekwisha kutoka. Nikamfuata, nikamkuta sokoni ameketi chini karibu na kaka, wanakula viazi vitamu, wote wawili kimya. Kumbe alikuwa akifanya hivyo kila jioni kwa majuma mengi. Tuliporudi njiani nikamwuliza, ‘Babu, mwazungumza nini?’ Akajibu, ‘Mwalimu, watu humwuliza aliua wangapi. Mimi humwuliza kama amekula.’ Kisha akasema, ‘Sisi nasi tulipotoka Burma tulipigiwa ngoma. Ngoma ilipokwisha, kila mmoja alirudi na giza lake nyumbani mwake. Mimi nilikuwa na nyumba ya kulitia giza langu. Yeye hana. Shamba lake liko wapi?’ Naye alijua vema liko wapi.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa wazee wa ukoo, nikasema mbele yao kwamba shamba la kaka ninalo mimi, na kwamba nalirudisha pamoja na migomba yake yote. Wengine walinong'ona kwamba mlevi atauza shamba anywe. Yule mzee wa Burma akasema, ‘Hata akiliuza, atakuwa ameuza lake. Ninyi mmelila lake bila kulinunua.’ Hakuna aliyemjibu.

Baada ya hapo mbiu ya msaragambo ilipigwa. Ninyi mnaokaa mbali na kwetu, msaragambo ni kazi ya watu wote, ambayo kwayo tunatengeneza mifereji na barabara. Safari hii tulijenga nyumba. Vijana walikata miti, wanawake walichota maji na kukanyaga udongo, wanafunzi wangu walibeba mawe. Kwa siku nne nyumba ikasimama, nayo ina mlango na dirisha. Tukamwingiza kaka, tukaimba, tukaona kwamba deni limelipwa.

Haikuwa hivyo. Kwa muda wa miezi miwili kaka alilala nje, kizingitini, mgongo wake ukiegemea ukuta na uso ukitazama njia. Watu walikasirika, wakasema, ‘Tumejichosha bure.’ Nami nilikuwa mmoja wa waliokasirika. Yule mzee akatuambia, ‘Mwacheni. Anailinda. Akiona kwamba haitashambuliwa, ataingia.’ Mvua za vuli zilipoanza, akaingia. Mlango hakuufunga, wala hatukumlazimisha.

Bado palikuwa na neno la jembe, yaani kazi. Sisi tuna ndiva, ndilo bwawa la udongo na mawe, ambalo tundu lake huzibwa jioni ili maji ya kijito yakusanyike usiku, na kuzibuliwa alfajiri ili yashuke kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Usiku huja wezi wa maji, na ugomvi wa maji umeharibu urafiki mwingi. Mzee mmoja wa kamati ya mfereji akasema, ‘Yuko mtu hapa asiyelala usiku. Kwa nini tunamhuzunikia, wala hatumtumi?’ Ndivyo kaka alivyofanywa mlinzi wa ndiva. Kila nyumba ilimpa chakula wakati wa mavuno. Tangu siku ile watoto waliendelea kumwita Afande, lakini sasa wakisimama na kumwamkia.

Wasomaji wangu, sitaki mdhani kwamba alipona kabisa. Pombe alipunguza, hakuiacha. Kishindo cha radi kilimtupa chini hata uzeeni. Waganga wa hospitali wanaujua ugonjwa huu: mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waliuandika katika kitabu chao cha magonjwa kwa jina lake, kuwa ni jeraha la moyo litokanalo na mambo ya kutisha, nao si wazimu wala si laana. Mwenye jeraha hilo apelekwe hospitali, kama vile apelekwavyo aliyevunjika mguu. Wakati ule sisi hatukujua, na kaka hakupelekwa.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini tu. Katika Marekani, yenye mali nyingi, mwaka 2010 walihesabiwa askari wa zamani wapata 74,000 wasio na makao katika usiku mmoja. Mwaka 2024 hesabu ilishuka hata wapata 33,000. Njia mojawapo iliyosaidia ni hii: kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumwambia, ‘Acha pombe kwanza, pona kwanza’, na akiisha kuwa ndani, kuendelea kumtembelea na kumsaidia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wetu wa Burma, ambaye hakusoma kitabu chochote juu ya neno hili.

Naye alikuwa na madai yake mwenyewe. Mwaka 2019 zilitangazwa habari za karatasi za Uingereza zilizoonyesha kwamba baada ya vita vya 1939–1945 askari Waafrika walipewa kiinua mgongo kilichokuwa kama theluthi tu ya kile walichopewa askari weupe. Yeye alikuwa amekwisha kufa, hakuzisikia. Serikali zina wajibu wao, na ni haki kuzidai. Lakini shamba la kaka halikuchukuliwa na serikali. Lilichukuliwa na mdogo wake, mwalimu, mtu anayeheshimiwa.

Kwa hiyo, kama kijijini kwenu yuko mtu aliyerudi kutoka vitani, nanyi mmemzoea akilala barazani, msianze kwa kumhurumia. Ulizeni kwanza shamba lake liko wapi, na nani anavuna humo.

Kaka alifariki mwaka 2016, akazikwa katika migomba yake, chini ya mfereji. Alfajiri ya siku ya maziko hapakuwa na mtu wa kuizibua ndiva. Nilipanda mimi, nikaondoa kizibo kwa mikono yangu, na maji yakashuka yakapita kando ya kaburi lake.

Ndimi mwalimu wenu mstaafu,
Upare.