Safari ya Likasi siku ya 30 Juni

Sikukuu ya uhuru ikikutana na mwisho wa juma, familia nyingi za Lubumbashi zinashika barabara ya Likasi, kilomita 120 hivi. Wazee wanakumbuka Peugeot 404: ilijaa watoto na kapu la bukari, ilichemka njiani, lakini usukani ulikuwa kushoto.

Leo motokari nyingi zinatoka Japani, usukani kuume, na Kongo watu wanaendesha kuume. Nyuma ya lori la shaba dereva haoni mbele. Mama aliyeketi kushoto ndiye anayechungulia: «Baba, pita!»

Mzee mmoja wa komini ya Kenya hapiti. Anafuata lori polepole mpaka Likasi. Wajukuu wakilalamika, anawajibu kwamba bukari imefungwa vizuri, haitapoa.